Msiba Uliomsubiri Mtani

Kila Jumatatu, saa tatu asubuhi, Fulgensi Kikoti alifufuka, na neno lake la kwanza lilikuwa tusi.

"Kamwene, Mngoni. Mmeshajifunza kunawa mikono huko kwenu, au bado mnaifuta kwenye ngao?"

Swali lilikuwa lile lile kila wiki. Jibu ndilo Dafrosa Mapunda alilopaswa kulitafuta upya, na kulitoa kama mtu aliyeshtukizwa. Alikuwa ameshazoea, kama padri anavyozoea dhambi za parokia yake.

"Kamwene, Mhehe. Kunawa tunajua. Maji ndiyo hatuna, yote mmeyatia kwenye pombe yenu ya ulanzi."

Spika nyeusi juu ya meza ikacheka. Kicheko cha Fulgensi kilikuwa kama pikipiki kuukuu asubuhi ya baridi ya Iringa: kinakohoa, kinakohoa tena, kinataka kuzima, halafu ghafla kinawaka chote na kutikisa vioo. Dafrosa alikingoja kiwake, ndipo akaruhusu mabega yake yashuke.

Kiti mbele ya spika kilikuwa kitupu. Mgongoni mwake lilining'inia koti la kaki, kiwiko kimoja kimechakaa, kama mwenyewe alivyoliacha Ijumaa ile aliposema kwamba Morogoro ni joto na haendi huko kujichemsha. Alipanda gari, gari likakosa breki kwenye mteremko wa Kitonga, na semina ya Morogoro ikaanza bila yeye.

"Mwenyewe karudi?" spika iliuliza.

"Bado. Si kakuaga Ijumaa? Semina ni ya wiki nzima."

"Atarudi kanenepa, mshenzi yule. Haya, fungua mji tuone."

Ndivyo vivuli vyote vilivyosema: mwenyewe. Kivuli kilijijua kuwa ni kivuli. Kila mfanyakazi wa miaka hiyo alivaa utepe shingoni, mwembamba kama kamba ya rozari, nao ulisikiliza anavyosema, anavyokosea, anavyosita na anavyofikia uamuzi. Ukiuvaa mwaka mzima ulikuwa na kivuli cha kukushikia kiti ukiugua au ukisafiri. Mwenyewe akirudi, kivuli humpa habari za kazi, na maisha yanaendelea. Mwenyewe asiporudi, sheria ilisema kivuli kizimwe kabla ya arobaini.

Arobaini ya Fulgensi ilifika gemu halijaisha.

"Wiki moja tu," Atupele Mwaijande alikuwa amesema wiki ile ya maziko. Studio ilikuwa yake, ghorofa ya juu ya nyumba kongwe pale Gangilonga, na vijana wengine aliowaajiri walifanyia kazi makwao. "Tumrudishe kwenye Ijumaa aliyoondoka. Tuirudishe na saa yake. Aamke Jumatatu akidhani mwenyewe yuko Morogoro, amalizie wakazi wake, basi. Tukimwambia atavunjika, Dafrosa. Wewe unaweza kufanya kazi umeambiwa umekufa?"

Dafrosa alikuwa na la kusema, lakini hakulisema. Ijumaa jioni wakamrudisha kwenye mbegu, yaani ile nakala ya siku aliyoondoka. Jumatatu akaamka na tusi lake. Wiki moja ikazaa nyingine, kama panya darini. Akikuta kazi asiyoikumbuka, waliambiana kwa macho kisha wakamwambia kwamba data yake imepata hitilafu kidogo, na yeye aliamini, kama mtu anavyowaamini watu aliokula nao.

*

Gemu lao liliitwa Mji wa Ngazi. Mchezaji alikuwa mchukuzi katika mji uliojengwa mlimani, akipandisha mizigo kwa ngazi za mawe na kupatana bei na wakazi. Kupatana huko ndiko kulikokuwa na utamu. Wakazi wa Fulgensi walikuwa wajeuri, wambeya, wapole, wanafiki, kila mmoja na lake. Aliwafanya hivyo kwa njia ambayo studio nyingine haikuithubutu: hakuwaandikia maneno. Aliwafungulia masikio. Wakazi walisikiliza ofisi mchana kutwa kupitia spika ile ile, wakajifunza watu wanavyotaniana, wanavyonuniana, wanavyopatana. Mwanamke wa mji akikwambia "nenda zako, una sura ya Ijumaa," ujue aliitoa kwa Atupele.

Jumatatu hiyo Fulgensi alifungua mji kwenye skrini kubwa ya ukutani.

"Jamani. Nani kaweka msiba?"

Ngazi zilikuwa tupu. Vibanda vya soko vimefungwa. Wakazi wote walikuwa wamekusanyika kwenye nyumba moja ya mwisho juu kabisa. Wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, miguu wameinyoosha, kanga zimeshuka hadi kwenye nyusi. Wanaume wamezunguka moto. Hakuna aliyelia. Walikaa tu, na walikuwa wanautazama mlango wa uani.

"Ni mzuri," Fulgensi alisema. "Angalia yule anavyochokonoa majivu. Lakini sikuwaagiza mimi. Ni wewe, Mngoni?"

"Mimi nachora kuta na kupiga ngoma. Wakazi ni wako."

Fulgensi alimpandisha mchukuzi hadi pale nyumbani, akamwuliza mama wa kwanza aliyekaa mkekani kama kuna ndizi. Mama yule hakugeuka.

"Leo hakuuzwi kitu," alisema. "Tunamsubiri mtani."

Mchukuzi akaenda kwa wanaume.

"Tunamsubiri mtani," walisema.

"Nani kafa?" Fulgensi alimwandikia mchukuzi aulize.

Walitazamana. Kisha mmoja akainamisha kichwa, akapunguza sauti, akasema, "Haya, tuendelee na kazi," kwa namna ambayo Dafrosa aliijua. Ilikuwa sauti ya Atupele. Ilikuwa sauti aliyoitumia Atupele kila Fulgensi alipouliza habari za mwenyewe.

*

Wanunuzi wa Nairobi walikuwa wanalitaka gemu Ijumaa. Walikuwa wameshaahirisha mara nyingi, na barua yao ya mwisho haikuwa na salamu. Gemu lisipofika, studio inafungwa, na Atupele hakuwa na studio nyingine mfukoni.

"Nifute kumbukumbu za wakazi," alisema Jumanne, mlangoni, mbali na spika. "Waanze upya."

"Ukizifuta watasalimia kama mashine ya benki. Karibu, chagua lugha."

"Basi Fulge awarekebishe. Si ndiyo kazi yake?"

Fulgensi alirekebisha. Aliikunja mikeka, akauzima moto, akawarudisha wakazi mmoja mmoja kwenye vibanda vyao, huku akiwatukana kwa mapenzi. Baada ya chakula cha mchana walikuwa wamesharudi juu, na mikeka imeongezeka.

"Hawa hawana ugonjwa," alisema. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na mzaha sautini. "Hawa wanajifunza kwetu. Msiba wameutoa humu ndani. Kuna mtu hapa kafiwa na hasemi."

Dafrosa alijikuta anaitazama karatasi isiyo na kitu.

"Mngoni. Ni mama yako?"

"Mama yangu mzima. Jana kanipigia simu kunisema."

"Dada Atu kafiwa?"

"Haya, Fulge," Atupele aliitikia toka dirishani, kwa sauti ya chini, "tuendelee na kazi."

Kwenye skrini, wakazi walivuta kanga zao mbele kidogo.

*

Jumatano mchana mlango uligongwa, akaingia mama mmoja mfupi aliyejifunga vitenge viwili vya rangi moja na kikapu mkononi. Dafrosa alimjua kabla hajainua uso: alikuwa na paji la uso lile lile la Fulgensi. Atupele aliruka, akaibana sauti ya spika kwa kiganja kama mtu anayeziba mdomo wa mtoto kanisani, kisha akaizima.

Alichelewa kidogo. "Nani huyo, mbona mmenya..." spika ilikuwa imeshasema.

Mama Kikoti alisimama palepale kizingitini. Akatazama kiti. Akatazama koti.

"Shikamoo mama," Dafrosa alisema.

"Marahaba. Ni wewe Mapunda?"

"Ni mimi, mama."

"Nimekuja kuchukua koti la mwanangu." Aliketi kwenye benchi la wageni, kikapu magotini. "Na nimekuja kukutazama sura. Alikuwa akirudi nyumbani anasema Mngoni kanifanyia hivi, Mngoni kaniambia vile, anacheka mpaka chakula kinapoa. Nikasema, huyu mtani wake siku moja nitamwona. Tulipomzika nikawa natazama njia."

Dafrosa aliketi kwenye kiti chake.

"Walikuja majirani, walikuja wanakwaya, walikuja watu wengi tu. Lakini mtani hakuja. Unajua mambo haya, wewe si mtoto. Mtani ndiye anayeingia anapiga kelele, anavaa nguo za marehemu, anaiga anavyotembea, anamsema aibu zake zote mpaka wafiwa wanacheka. Mtani ndiye anayelisukuma jeneza. Sisi tulikaa pale kama tumemwagiwa maji. Watu walimaliza matanga hawajacheka hata mara moja." Akaikunja pindo ya kitenge. "Hata mimi sijacheka mpaka leo. Kicheko kinanikaa hapa."

"Mama, siku ile nilikuwa..."

"Ulikuwa kazini. Nimeambiwa."

Alikuwa kazini, ndiyo. Siku ya maziko Dafrosa alikuwa kwenye kiti hiki, utepe shingoni, anapanga sauti za ngazi pamoja na Fulgensi, na Fulgensi alikuwa anamwambia kwamba ngoma zake zinasikika kama Wangoni wanaokimbia deni. Alikuwa amecheka siku ile. Ndilo lililomla: msiba mzima ulikosa kicheko, na yeye alikuwa huku anacheka na maiti.

"Mama," alisema, "niachie koti hadi Jumamosi. Nitalileta mwenyewe."

Mama Kikoti alimtazama kwa muda mrefu. Alijua anaombwa nini: mtani huchukua kitu cha marehemu, na wafiwa hukikomboa.

"Litakugharimu kulirudisha," alisema.

"Litakugharimu wewe kulikomboa, mama. Sisi Wangoni hatutoi kitu bure."

Kitu kilitikisika kwenye pembe ya mdomo wa mama yule, kikatulia. Aliinuka. Pale mlangoni alisema bila kugeuka, "Mlango wenu huu mwembamba, unapitisha sauti," akashuka ngazi.

*

Alhamisi ilikuwa ya ugomvi.

"Hutamwambia," Atupele alisema. Walikuwa chini uani, karibu na tangi la maji. "Kesho saa kumi gemu linaondoka. Ukimwambia leo, akavunjika, tumekwisha. Ukimwambia baada ya kesho, sawa."

"Wiki zote ulisema baada ya kesho."

"Na wewe ulikubali. Usinifanye mimi mchawi peke yangu, Dafrosa. Kila Jumatatu unaingia hapa mapema kuliko wote. Unadhani sioni? Unakuja kutukanwa."

Ilikuwa kweli, na ukweli ukirushwa kwa hasira unauma zaidi kuliko uongo. Dafrosa aliushika utepe wa shingoni mwake.

"Wakazi hawatainuka," alisema. "Ndicho nisichokifahamu kwako, dada Atu. Unataka auondoe msiba mtu ambaye msiba ni wake. Wanamsubiri mtani. Mtani niko hapa, nachora kuta."

Atupele alifungua bomba, akalifunga, hakuna aliyechota maji.

"Akivunjika?" aliuliza.

"Basi tutakuwa tumevunja kilichokufa. Sasa hivi tunavunja kilicho hai kila Ijumaa."

*

Ijumaa, jua limewaka na mwamba wa Gangilonga unang'aa nyuma ya dirisha, Dafrosa aliingia ofisini kwa kishindo. Aliupiga mlango teke. Alikuwa amevaa koti la kaki, mikono imemzidi, mabega yanambana. Hakusalimia. Alienda moja kwa moja kwenye kiti cha Fulgensi, akajitupa, akaweka miguu mezani, akajisafisha koo kwa mbwembwe kama alivyofanya Fulgensi kabla ya kila kikao.

"Mimi," alisema, kwa sauti nzito ya puani, "ni Fulgensi Kikoti, mwanaume wa Kalenga, na koti langu la kaki hili hapa mwilini. Nikikwambia niko njiani, ujue niko kitandani natafuta soksi."

Spika ilianza kukohoa kicheko chake. "We Mngoni, una wazimu leo."

"Nimeimba kwaya miaka yote, na miaka yote mwalimu ananisimamisha nyuma ya nguzo. Nimeazima chaja za nusu ya Iringa, hakuna iliyorudi. Nimempenda binti wa kaunta ya benki, nikafungua akaunti tatu ili anitazame picha yangu ya kitambulisho, na siku aliyonisemesha nikamwambia asante mama."

"Hiyo nilikwambia kwa siri." Spika bado ilikuwa inacheka, lakini ilikuwa inapunguza. Fulgensi hakuwa mjinga. Alijua mtani huvaa nguo za nani, na lini.

Dafrosa hakusimama. Akisimama angeshindwa.

"Mimi ndiye Fulgensi, fundi wa kuwafungulia watu masikio, nisiyesikia jambo lililo mbele yangu. Niliacha koti langu kitini nikasema Morogoro joto. Nikapanda gari. Nikawaambia wenzangu, semina ikiisha, Jumatatu nimerudi." Sauti ya puani ilimtoka, ikabaki yake. "Mhehe mwongo. Jumatatu yako haijafika mpaka leo."

Kwenye skrini wakazi wote walikuwa wamegeuka kuutazama mlango wa uani.

Upande wa pili wa chumba Atupele alikuwa amekumbatia faili kifuani.

"Hilo koti," Fulgensi alisema mwishowe, "linakubana?"

"Mabegani."

"Basi ni kweli. Mwenyewe asingekuazima. Wapi?"

"Kitonga."

"Mlimzika nyumbani?"

"Nyumbani. Mvua ilinyesha."

"Ukafanya nini? Uliiga ninavyotembea?"

"Sikwenda. Nilikuwa hapa. Nafanya kazi na wewe."

Kimya kilirefuka hadi Dafrosa akadhani ndiko kuvunjika kwenyewe kulikosemwa.

"Yaani," Fulgensi alisema polepole, "ulikosa msiba wangu kwa sababu ulikuwa na mimi."

"Ndiyo."

"Mngoni kweli wewe." Haikuwa mzaha, wala haikuwa si mzaha. "Na hii nimeuliza mara ngapi, mwenyewe anarudi lini?"

"Usiniulize."

"Nyingi?"

"Nyingi."

"Fulge," Atupele alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikuwa ya chini, "nilitaka tumalize tu. Niliogopa ukijua hutafanya kazi."

"Dada Atu, mimi ningefanya kazi hata juu ya jeneza langu, unanijua. Kuninyamazia ndiko kulikoharibu gemu. Mmewafundisha watu wangu kukaa matanga ya mtu anayetembea." Akashusha pumzi, kama vivuli vinavyoshusha, bila pumzi. "Ningekasirika. Ningewatukana siku nzima. Lakini zingekuwa siku zangu. Mnanielewa? Mlinipa wiki nyingi na hakuna hata moja niliyoishi."

Atupele aliliweka faili mezani.

"Haya," Fulgensi alisema. "Mtani hamalizi kwa maneno. Nani anachimba kaburi?"

Dafrosa alikuwa ameshaifungua mbegu kwenye kompyuta yake. Kuifuta, kivuli kizimike nayo, kulihitaji kidole kimoja. Kumrudisha nako kulihitaji kidole kimoja, na vitufe vilikaa jirani.

"Nikikurudisha," alisema, "hutakumbuka haya. Jumatatu utaniuliza kama nimenawa."

"Najua. Mimi sitakumbuka. Utakumbuka wewe, na hawa." Alimaanisha wakazi. "Na uvue hiyo kamba shingoni. Siku yako sitakuwepo kukutania, na sitaki uje kuuliza maswali kwenye spika ya mtu."

Aliuvua utepe. Shingo ilihisi baridi. Aliuweka mezani, akapeleka kidole.

"Umenawa, Mngoni?"

"Nimenawa."

"Mwongo wewe," Fulgensi alisema, na kicheko kikaanza. Kikakohoa. Kikakohoa tena.

Alibonyeza.

Hakikuwaka.

Kwenye skrini, mama wa mkeka wa kwanza alisikiliza kidogo. Akapandisha kanga kutoka kwenye nyusi. Akainuka, akaukunja mkeka, akaukung'uta vumbi, na wengine nyuma yake wakaanza kuinuka, wakishikana mikono kwa sababu ya miguu iliyokufa ganzi. Mmoja aliumwagia moto maji. Walishuka ngazi bila haraka. Dafrosa alimpeleka mchukuzi sokoni, akamwuliza mama yule kama kuna ndizi.

"Zipo," alisema mama. "Lakini kwa sura hiyo ya Ijumaa nakuuzia bei ya juu."

Saa kumi Atupele alilituma gemu. Kisha wote wawili walikaa pale, kila mmoja kwenye kiti chake, wakiitazama spika.

*

Jumamosi Dafrosa aliingia uani kwa Mama Kikoti bila kubisha hodi, akichechemea kidogo mguu wa kushoto, mikono mfukoni mwa koti, kama alivyotembea Fulgensi baada ya kuangukia mfereji. Mama yule alikuwa anapepeta mahindi. Ungo ulisimama hewani.

"Umechelewa," alisema.

"Niko njiani, mama. Nilikuwa natafuta soksi."

Mama Kikoti aliuweka ungo chini. Alimtazama mgeni kuanzia mguu unaochechemea hadi mabega yaliyobanwa.

"Nilimsikia," alisema taratibu. "Pale mlangoni kwenu. Bado yumo?"

"Hayumo. Nimemfukia jana."

"Alisema nini?"

"Alisema sijanawa mikono."

Mama Kikoti alifunga mdomo, akageuza uso upande wa mahindi. Mabega yakatikisika. Dafrosa akadhani analia, akapiga hatua kumwendea, ndipo akasikia. Kilikohoa. Kilikohoa tena, kikataka kuzima. Kisha, katikati ya uwanja, mchana kweupe, kikawaka chote, na kuku wakakimbia.